Kitabu cha Mwenzio: Khabari za Waislamu wa Kwanza wa Buganda na Watu Waliozihifadhi

Yafaa katika kitabu hiki cha kumbukumbu itajwe khabari moja ambayo Waislamu wengi wa Kampala huipita bila ya kuitazama. Kila mtoto wa chuoni katika Buganda hufundishwa kwamba Mwarabu wa kwanza kufika mbele ya Kabaka na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu alikuwa Ahmed bin Ibrahim, na kwamba alifika katika mwaka 1844, katika enzi ya Kabaka Suna wa Pili. Jina hilo hutajwa katika hotuba, na wazee hulisimulia kwa fahari. Lakini ni wachache wanaouliza, nani aliyeliandika? Ahmed bin Ibrahim alikuwa mfanya biashara, hakuacha kitabu. Suna hakujua kuandika. Waganda wa zama zile walizihifadhi khabari zao vifuani, nao hawakuihesabu miaka kwa namba kama inavyohesabiwa sasa. Basi mwaka ule umetoka wapi?

Umetoka katika daftari la mtu aliyezaliwa Myahudi katika nchi ya Wajerumani. Mtu huyo alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, naye akabatizwa angali mtoto. Alisoma udaktari, akaenda kufanya kazi katika dola ya Waturuki, akajifunza lugha zao na Kiarabu, akajiita Mehemet Emin. Mwaka 1875 akafika Khartoum, na katika mwaka 1876 Gordon, aliyekuwa akitawala upande wa Nile ya juu kwa niaba ya Misri, akamtuma kwa Kabaka Mutesa kwa mambo ya serikali. Hatimaye ulimwengu ukamjua kwa jina la Emin Pasha. Kama Uislamu wake ulikuwa wa moyoni au wa kanzu tu, hilo Mwenyezi Mungu ndiye alijuaye, na watu wamebishana juu yake tangu siku zile.

Huyo Emin alipokuwa Buganda alimkuta Ahmed bin Ibrahim, naye wakati huo amekwisha kuwa mzee. Emin alikuwa na desturi ya kuandika kila siku yale aliyoyaona na kuyasikia: ndege, majani, mvua, bei ya pembe, na maneno ya watu. Akamwuliza yule mzee safari zake za zamani, na yule mzee akamsimulia. Maneno ya mazungumzo yale ndiyo leo yanayosomwa misikitini. Emin aliuawa katika nchi ya Kongo mwaka 1892, na madaftari yake yakapigwa chapa kwa Kijerumani baada ya miaka mingi. Kisha Sir John Gray, Mwingereza aliyekuwa hakimu hapa Uganda na baadaye Jaji Mkuu wa Unguja, akayachambua, na katika mwaka 1947 akaandika makala juu ya Ahmed bin Ibrahim katika jarida liitwalo Uganda Journal. Kwa njia hiyo, kutoka kwa Mwarabu hata kwa Myahudi aliyebatizwa, na kutoka kwake hata kwa hakimu wa Kiingereza, khabari ya Waislamu ikawarudia Waislamu wenyewe.

Na tazama khabari yenyewe jinsi ilivyo. Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekaa katika baraza ya Suna siku ambayo watu walitolewa kwenda kuuawa, kama ilivyokuwa ada ya wafalme wa zamani hizo. Yule mgeni, ambaye uhai wake na mali yake vyote vilikuwa mikononi mwa mfalme, akasimama mbele ya wakuu akamwambia kwamba watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba ni Yeye aliyempa mfalme huo ufalme, wala si halali kuwaangamiza. Suna akamjibu kwamba ufalme wake amepewa na miungu yake. Jambo hili likarudiwa zaidi ya mara moja, hata Suna mwenyewe akataka kujua ni nani huyo Mungu anayesemwa kuwa ni mkubwa kumpita, akasomewa na akafundishwa baadhi ya sura za Qurani. Hayo yote yangalipotea. Emin angalikuwa ni mtu wa taasubi, angaliona kwamba maneno ya mchuuzi wa Kiarabu hayana maana, asingaliinua kalamu yake. Na Waislamu wakiwa ni watu wa taasubi, watasema kwamba kitabu cha Emin ni kitabu cha Mzungu, wasikifungue, na wakati uo huo waendelee kulitaja jina la Ahmed bin Ibrahim bila ya kujua kwamba wamelipata humo.

Neno hili taasubi limetujia kutoka katika Kiarabu, na maana yake ni mtu kushikamana na kundi lake hata asiione haki iliyo kwa mwengine. Maulamaa wa zamani walilichukia. Inajulikana katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandiko ya Mayahudi, naye akajifunza kwa siku chache, akawa ndiye msomaji na mwandishi wa barua zao. Na Qurani yenyewe imekataza chuki ya kuwachukia watu isiwapeleke waumini kuacha uadilifu. Katika karne ya kumi na moja ya Wazungu akatokea Abu Raihan al-Biruni, Mwislamu wa Khwarazm, akajifunza lugha ya Kisanskriti, akakaa na wanachuoni wa Kihindi, akaandika kitabu kikubwa juu ya dini yao na hesabu zao na desturi zao, akakimaliza karibu ya mwaka 1030. Huyo hakuwa Mhindu wala hakuelekea kuwa Mhindu. Lakini aliyaeleza maneno ya Wahindu kama Wahindu wenyewe wayasemavyo, kisha ndipo akatoa rai yake. Na alifanya hivyo katika zama ambazo Sultani wake, Mahmud wa Ghazna, alikuwa akipigana na watu hao hao na kuwateka. Ni jambo zito kumsoma kwa insafu mtu ambaye jeshi lako linampiga.

Turudi Buganda. Kabla Mzungu yeyote hajaikanyaga nchi hii, Mwingereza Richard Burton alikuwa tayari ameandika khabari zake. Alizipata Kazeh, yaani Tabora, katika safari yake ya mwaka 1857 na 1858, kwa kinywa cha Snay bin Amir, tajiri wa kabila la Harith, aliyefika kwa Suna mwaka 1852. Burton hakuwa mtu wa maneno mazuri juu ya Waafrika, na msomaji wa leo ataghadhibika mara nyingi akifungua kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Pamoja na hayo, ndimo lilimohifadhiwa jina la Isa bin Hussein, Mbulushi aliyekimbia wadeni wake Unguja akaja kuwa mtu wa karibu wa Suna. Mtu aliyekimbia deni amebaki katika tarikh, na waliomdai hakuna awajuao! Lau msomaji angalikitupa kitabu kwa sababu ya matusi yake, angalilitupa na jina hilo pamoja.

Suna alifariki mwaka 1856, akatawala mwanawe Mutesa. Huyu ndiye aliyeipokea dini kwa nguvu. Karibu ya mwaka 1867 alianza kufunga Ramadhani, na akaendelea hivyo kwa muda wa miaka kama kumi. Alijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, akazungumza Kiswahili na Kiarabu, na msikiti ukajengwa katika kasri yake. Wageni waliofika hawakutazamia kumkuta mfalme wa bara akiwa na waandishi wake. Mmoja wa wageni hao alikuwa Henry Stanley, aliyefika Aprili 1875.

Stanley ni mfano mzuri wa kitabu kinachotaka msomaji mwenye subira. Alikuwa mtu wa kujisifu. Katika kitabu chake anajionyesha kama kwamba alimgeuza Mutesa kwa mazungumzo ya siku chache, na barua yake ya kuwaita wahubiri, iliyotokea katika gazeti la Daily Telegraph la London mwezi wa Novemba 1875, ndiyo iliyoleta misheni katika Uganda. Mwislamu akisoma hapo moyo wake humwungua, na ana haki. Lakini akivumilia ataona mambo mawili. La kwanza ni kwamba Stanley mwenyewe, bila ya kukusudia kuusifu Uislamu, amekiri kwamba adabu na elimu aliyoiona kwa Mutesa ilitokana na mafundisho ya Waislamu, na amemtaja mwalimu wake kwa jina, Muley bin Salim. Jina la mwalimu huyo limetufikia kwa kalamu ya mtu aliyetaka kuivunja kazi yake.

La pili ni la ajabu zaidi. Stanley alipotaka kumwachia Mutesa maneno ya Biblia, hapakuwa na njia illa ile iliyotengenezwa na Waislamu. Alimwacha kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Waingereza huko Unguja, awe mwandishi na mfasiri wa Kabaka. Maneno ya Biblia yakafasiriwa kwa Kiswahili, na yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hizo ndizo herufi walizozijua watu wa barazani. Stanley anaeleza pia kwamba Mutesa alikuwa na vibao vyembamba vya mti vilivyolainishwa, ambavyo aliandikiwa humo maneno ya hekima aliyoyasikia kwa wageni. Basi Mganda wa kwanza aliyesoma habari za Nabii Isa katika kitabu cha Manasara alizisoma kwa herufi alizofundishwa chini ya msikiti. Katika kasri ile Qurani na Biblia zilisomwa na macho yale yale.

Na lugha ya Kiganda imeihifadhi khabari hii bila ya mtu kuikusudia. Neno okusoma limeingia kutoka Kiswahili, na katika Kiganda lilichukua maana mbili pamoja, kusoma kitabu na kuabudu. Abasomi walikuwa ni watu wote walioshika dini ya kitabu. Ekitabo ni kitabu, na ekkalaamu ni kalamu. Mprotestanti anapokwenda kanisani Namirembe siku ya Jumapili na kusema kwamba amekwenda kusoma, anatumia neno lililoletwa na wachuuzi wa pwani. Wala hakuna ubaya. Neno zuri ni mali ya kila mtu.

Sasa yaja mambo ya mwaka 1876. Vijana wengi katika baraza ya Mutesa walikuwa wameishika dini kwa ukweli. Walipofika walimu kutoka upande wa Misri wakawaambia kwamba mfalme asiyetahiriwa hafai kuwasalisha, na kwamba nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake si halali, na kwamba msikiti haukuelekezwa vyema kwenye Kibla, vijana wale walikubali. Wakaacha kusali nyuma ya Mutesa, wakakataa nyama yake. Mutesa aliona kwamba amri yake imevunjwa katika nyumba yake mwenyewe. Akaghadhibika, na wengi wakauawa kwa moto huko Namugongo, miaka kumi kabla ya wale vijana wa Kikristo waliouawa pahala hapo tarehe 3 Juni 1886 katika enzi ya Mwanga.

Mashahidi wa Kikristo wana makanisa, wana sikukuu, na majina yao yanajulikana Roma na kote duniani. Mashahidi wa Kiislamu hawakuandikiwa na mtu wao. Ambao wameyaandika kwanza mambo ya Uislamu wa zama za Mutesa, kufunga kwake na ghadhabu yake, ni Waganda Wakristo, na mkubwa wao ni Apolo Kagwa. Huyo alikuwa Katikiro wa Buganda tangu mwaka 1889 hata 1926. Alikuwa Mprotestanti kwelikweli, na katika vita vya dini alichukua bunduki akapigana na jeshi la Waislamu. Hata hivyo alipokaa kuandika kitabu chake cha wafalme wa Buganda, Basekabaka be Buganda, kilichotoka mwaka 1901, hakuifuta dini ya Kiislamu katika khabari za nchi. Aliwauliza wazee, akaandika. Hapana shaka ameyatazama mambo mengi kwa jicho la upande wake, na mwenye kumsoma azingatie hilo. Lakini adui aliyekuandika ni bora kuliko ndugu aliyekusahau.

Wamisionari walikuwa wamewasili tarehe 30 Juni 1877, Waingereza wa C.M.S. Alexander Mackay akafika mwaka 1878, na mapadri Wafaransa, White Fathers, mwaka 1879. Mackay alikuwa fundi, mtu wa chuma na mashine ya kupigia chapa, mwenye ulimi mkali. Kitabu cha barua zake kilichotolewa na dada yake mwaka 1890 kimejaa lawama juu ya Waarabu. Mwislamu anayekisoma hutamani kukifunga baada ya kurasa kumi. Afadhali asikifunge. Maana Mackay katika lawama zake amechanganya mambo mawili, na ni kazi ya msomaji kuyatenga. Alipoitukana dini, hapo alisema asiyoyajua. Ama alipoandika kwamba wachuuzi wa pwani walileta bunduki na nguo, na wakaondoka na watu wamefungwa minyororo, watoto na wanawake waliotekwa Busoga na Bunyoro, hapo alisema aliyoyaona kwa macho yake. Biashara ile ilikuwako. Wafanya biashara wale walisali sala tano na wakauza watu. Ni jambo chungu kuliandika katika kitabu cha sherehe, lakini halifutiki kwa kunyamaza, na watoto wa Waislamu watalisoma mahali pengine kwa maneno mabaya zaidi ikiwa hawakulisoma kwanza kwa wazee wao.

Kadhalika Mkristo naye ana kurasa za kumchoma. Katika vita vya mwaka 1889 na 1890 bunduki za upande wa Wakristo ziliingia nchini kwa mkono wa Charles Stokes, aliyekuwa zamani mtu wa C.M.S. kisha akawa mchuuzi. Na Askofu Tucker katika kitabu chake cha mwaka 1908 ameandika waziwazi kwamba Mackay alikuwa akitumai Kiswahili kiwe lugha moja ya nchi hizi za kati, na kwamba yeye Tucker hakutaka hata kidogo, kwa kuwa Kiswahili kwake ni mlango wa Uislamu, na Kiingereza ni mlango wa Biblia. Ajabu ya dunia! Mackay mwenye ulimi mkali alikipenda Kiswahili, na Askofu mpole wa Namirembe alikikataa. Mtu asiyesoma hujua tu kwamba wamisionari walikichukia Kiswahili. Aliyesoma hujua kwamba walibishana wenyewe kwa wenyewe. Na mabishano yale hayajaisha athari yake katika Uganda hata leo.

Ama mtihani mkubwa wa msomaji ni kusoma makosa ya watu wake. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa Mwanga, wakamweka Kiwewa. Haukupita muda, mwezi wa Oktoba Waislamu wakawafukuza wenzao Wakristo, kisha wakamwondoa na Kiwewa, wakamtawaza Kalema, Kabaka wa kwanza aliyetahiriwa. Wazee wamezoea kuisimulia enzi ya Kalema kama enzi ya nuru. Vitabu vinasimulia pia kwamba Kalema aliwaua wana wa wafalme, wanaume kwa wanawake, ndugu wa damu yake, kwa kuogopa wasije wakainuliwa badala yake, na kwamba watu walilazimishwa kutahiriwa. Kwa muda mrefu Waislamu walisema kwamba hayo ni maneno ya Wakristo walioshinda. Lakini msiba wa wana wa wafalme haukatazamiki, kila ukoo wa kifalme unaujua. Bakale Mukasa bin Mayanja, Mwislamu, aliandika kwa Kiganda kitabu cha vita vya Kiwewa, Kalema na Mwanga kutoka upande wa Waislamu wenyewe, na ni vyema kwa kijana ataye kujua akisome pamoja na Kagwa, akiweka kimoja mkono wa kulia na cha pili mkono wa kushoto. Watu wale wawili wanasimulia vita vimoja, na bonde lile lile, na mvua ile ile, na kila mmoja anaona moshi ukitoka katika bunduki za mwenzake tu.

Mwisho wa vita Waislamu walishindwa. Mwaka 1892 Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, alikubali kuja Kampala kwa mapatano na Kapteni Lugard, na Waislamu wakapewa saza tatu. Mwaka 1893 wakanyang'anywa mbili, ikabaki Butambala peke yake, na Mbogo akapelekwa Unguja, asirejee hata 1895. Katika Mapatano ya mwaka 1900 saza zilikuwa ishirini, na ya Mwislamu ilikuwa moja.

Tangu hapo ikaingia khofu, na khofu ile ilikuwa na sababu. Skuli zote zilikuwa za misheni, na mtoto aliyepelekwa huko mara nyingi alirudi na jina la ubatizo. Wazee waliwazuia watoto wao, na nani atakayewalaumu? Waliihifadhi dini. Lakini khofu ya skuli ikawa khofu ya kitabu, na khofu ya kitabu ikawa khofu ya kujua jambo lolote la mtu mwengine. Watoto wakahitimu Qurani kwa sauti nzuri, na barua ya serikali ikija nyumbani ikapelekwa kwa jirani Mkristo aisome. Ukarani, udaktari na uhakimu ukawa wa wengine. Deni hilo limelipwa kwa miaka mingi.

Aliyeonyesha njia nyengine alikuwa mwana wa Mbogo mwenyewe, Mwana Mfalme Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907. Alisoma King's College Budo, skuli ya C.M.S. iliyojengwa juu ya kilima ambapo makabaka hutawazwa. Aliingia Mwislamu, akakaa na wana wa Waprotestanti, akasoma vitabu vyao, akatoka Mwislamu. Kisha akafanya kazi ya kujenga skuli za Waislamu, akatoa ardhi yake ya Kibuli, na msikiti wa Kibuli ukafunguliwa mwaka 1951, na ubavuni mwake kuna skuli na hospitali. Aliishi hata mwaka 1991. Waliokhofu kwamba kitabu cha wengine humtoa mtu katika dini yake wangelitazama kwake.

Hata kitabu kibaya kina manufaa yake. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, iliyofanywa na Godfrey Dale, padri wa misheni ya Unguja. Waislamu wa pwani hawakuridhika nayo, kwa maana iliandikwa na mtu ambaye kusudi lake lilikuwa kubishana. Wengine walitosheka na kukasirika. Lakini wengine, akina Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, waliona kwamba aibu si ya Dale, aibu ni kwamba Mwislamu wa Kiswahili hakuwa na tafsiri ya mkono wa wenziwe. Wakaanza kazi, na hata mwanafunzi wao Sheikh Abdallah Saleh Farsy akaitoa Qurani Takatifu kamili mwaka 1969. Nyumba ngapi za Kampala zina kitabu hicho juu ya rafu! Na mlango wake ulifunguliwa na padri.

Vivyo hivyo, kitabu kikubwa juu ya Uislamu katika Uganda, kilichotoka mwaka 1974, kiliandikwa na Arye Oded, mtu wa Israel, aliyefika hapa akatafuta maandiko ya masheikh wa Buganda yaliyokuwa majumbani. Profesa A. B. K. Kasozi, Mwislamu wa Uganda, akaandika kitabu chake juu ya kuenea kwa Uislamu mwaka 1986. Mwenye kutaka kuijua dini yake ilivyoingia katika nchi hii atakuta kwamba walimu wake ni Mwarabu, Myahudi, Mjerumani, Mwingereza, Mprotestanti wa Mengo, na Mwislamu wa mwisho.

Katika mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alikuja Kampala, Papa wa kwanza kuikanyaga Afrika katika upapa wake. Tarehe 1 Agosti alikutana na viongozi wa Kiislamu, na katika hotuba yake aliwataja kwa heshima Waislamu waliokuwa wa kwanza kuuawa katika nchi hii kwa kukataa kuivunja amri ya dini yao. Wengi waliosikia walitokwa na machozi, maana mkubwa wa Wakatoliki aliwataja watu ambao wenyewe hawakuwajengea hata nguzo. Lakini mwaka alioutaja ulikuwa 1848. Mwaka 1848 ulikuwa enzi ya Suna, na mashahidi waliuawa katika enzi ya Mutesa, miaka ishirini na minane baadaye. Aliyemwandikia hotuba alikosea hesabu, na siku ile, katika jamaa yote iliyokuwapo ya masheikh na wazee, tarehe sahihi ilikuwa imelala katika vitabu vya Kiganda na Kiingereza ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvifungua.